Maswali Yale Yale: Jinsi Wenyeji wa Usenet Walivyojaribu Kumfikishia Mgeni Maarifa Yaliyokwisha Kukusanywa

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kubadilishana habari kati ya kompyuta za vyuo kwa kutumia laini za simu. Steve Bellovin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilicho jirani, aliandika programu ya kwanza ya kazi hiyo, na mwaka 1980 mtandao huo ulifunguliwa kwa wengine kwa jina la Usenet, ukiwa na makundi ya mazungumzo, kila moja na mada yake. Ulikuwa mpango wa watu wasio na fedha nyingi. Kompyuta moja iliipigia nyingine simu kwa modemu, mara nyingi usiku wakati gharama ilipokuwa nafuu, ikapokea jumbe mpya na kuzipitisha kwa jirani yake, na hivyo swali lililoandikwa Duke liliweza kusomwa mbali sana baada ya siku chache. Hapakuwa na makao makuu, na hapakuwa na mtu aliyeumiliki.

Kisa ninachokichambua ni juhudi za wenyeji wa mtandao huo, kwa muda wa miaka kumi na kitu, kumfikishia mgeni maarifa yaliyokwisha kukusanywa na waliomtangulia. Walifanikiwa kwa kiwango kinachostahili heshima, kisha wakazidiwa. Ninakirudia kisa hiki kwa undani kwa sababu makundi yetu ya leo, ya wafugaji, ya mafundi, ya wazazi na ya wanafunzi, yanapambana na shida ile ile, na mara nyingi yanaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuishughulikia.

Hifadhi isiyosomwa

Watu hukimbilia kusema kwamba mgeni ni mvivu kabla ya kuuliza kama kile alichotakiwa kukisoma kilikuwapo. Katika Usenet, kwa kawaida hakikuwapo. Diski zilikuwa ghali, na kila msimamizi wa kompyuta aliamua mwenyewe jumbe zikae kwake siku ngapi. Muda huo ulipoisha, zilifutwa ili kupisha nyingine. Mtu aliyejiunga mwezi Machi hakuwa na namna ya kuona swali lililojibiwa vizuri mwezi Januari, hata angekuwa na bidii kiasi gani. Wenyeji walilikumbuka jibu na wakachoka kulirudia, ilhali mgeni aliona kundi lililojaa watu wenye ujuzi, bila dalili yoyote kwamba swali lake liliwahi kuulizwa.

Hata hivyo, kukosekana kwa hifadhi hakuelezi kila kitu. Katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, kulikuwa na orodha ya barua pepe iliyoitwa SPACE, iliyojadili mambo ya anga za juu, na barua zake za zamani zilihifadhiwa mahali ambapo mwenye uwezo wa kuhamisha mafaili kwa FTP angeweza kuzichukua. Waanzilishi walidhani kwamba kila mgeni angeanza kwa kuzichukua na kuzisoma. Ilitokea mara chache sana. Wageni waliuliza tu, kama walivyouliza wenzao ambao hawakuwa na hifadhi yoyote.

Ulinganisho huu una uzito mkubwa katika uchambuzi wangu. Penye hifadhi na pasipo na hifadhi, mwenendo wa mgeni ulikuwa mmoja, na hiyo ina maana kwamba chanzo cha shida hakikuwa nafasi ya diski peke yake. Hifadhi ilikuwa imepangwa kwa tarehe za mazungumzo, na mgeni alikuja na shida moja mkononi. Ili apate jibu ndani ya mamia ya barua, alihitaji kujua kwanza kwamba suala hilo liliwahi kujadiliwa, lilijadiliwa lini, na wajuzi walilipa jina gani. Mtu mwenye kuyajua hayo yote huwa si mgeni tena.

Suluhisho lilitokana na kuchoka. Eugene Miya, aliyekuwa akifanya kazi NASA, alianza kukusanya maswali yaliyojirudia katika orodha ya SPACE pamoja na majibu yake, na kuyatuma tena kwa wote kila baada ya muda. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mwenye kuipa desturi hiyo jina la FAQ, maswali yaulizwayo mara kwa mara, kati ya mwaka 1982 na 1985. Desturi ilihamia katika makundi ya Usenet, ikawa ya kila mwezi, na baadaye Jef Poskanzer akaanza kutuma waraka wa kila wiki katika kundi la michoro ya kompyuta. Miya mwenyewe alifikia hatua ya kujaribu kutuma kila siku.

Marudio haya yanaweza kuonekana kuwa usumbufu, na kwa wenyeji yalikuwa hivyo kweli, kwa kuwa walilazimika kuupita waraka ule ule kila ulipotokea. Lakini ndiyo yaliyoifanya kazi ifanyike. Katika mtandao ambao kila ujumbe hufutwa, waraka unaorudi kabla ya ule wa awali kufutwa huwapo daima, na huwapo pale pale mgeni anapoingia kwa mara ya kwanza, katikati ya mazungumzo aliyokuja kuyasoma. Hakutakiwa kwenda popote kuutafuta.

Swali kwa maneno ya mwulizaji

Ubora wa nyaraka hizo ulitofautiana sana. Zilizokuwa bora zilikuwa na sifa ambayo nadhani haijathaminiwa inavyostahili, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni waraka wa kundi la comp.lang.c, lililohusu lugha ya programu ya C. Waraka huo ulitunzwa na Steve Summit, ulitumwa kila mwezi, na baadaye ulipanuliwa ukawa kitabu kilichochapwa mwaka 1995. Swali lake moja linamhusu mtu aliyeweka 3.1 katika kigeu cha aina ya float, yaani nafasi ya kuhifadhia namba yenye desimali, akataka kujua kwa nini kompyuta inamchapishia 3.0999999.

Tuitazame namna swali lilivyoandikwa. Mtaalamu angeliweka jambo hili chini ya kichwa kinachozungumzia uwakilishi wa sehemu za desimali katika mfumo wa namba wa tarakimu mbili tu, 0 na 1, kwa sababu kiini chake ni kwamba 3.1 haina umbo kamili katika mfumo huo na kompyuta inalazimika kuikadiria. Kichwa hicho ni sahihi, lakini hakimsaidii mwulizaji hata kidogo, kwa kuwa mtu anayelijua jina la suala lake kwa kawaida anakaribia kulijua na jibu. Mgeni anajua kitu kimoja tu, nacho ni ile 3.0999999 iliyotokea kwenye kioo cha kompyuta yake. Summit alianzia hapo, kwenye kile ambacho jicho la mgeni linakiona, kisha jibu likampeleka hatua kwa hatua hadi kwenye sababu. Kuandika hivyo kunahitaji unyenyekevu wa pekee, kwa sababu mjuzi anatakiwa ayaweke kando maneno aliyoyapata kwa taabu na kurudi kwenye maneno aliyokuwa nayo kabla hajajua.

Kuna utafiti unaoonyesha kwamba hili si suala la ladha ya uandishi. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake wa Bell Communications Research walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu majina ambayo watu huvipa vitu wanapotumia kompyuta, wakaonyesha kwamba watu wawili wakiachwa kila mmoja achague mwenyewe neno la kukiitia kitu kimoja, uwezekano wa kuchagua neno moja ni chini ya asilimia 20. Pendekezo lao lilikuwa kwamba kila kitu kiruhusiwe kufikiwa kwa majina mengi kadiri watu wanavyoyatumia, badala ya kusaka jina moja linalodhaniwa kuwa bora. Ina maana kwamba hata mwandishi makini akichagua kichwa anachokiona kuwa dhahiri, wasomaji wengi watatafuta kwa neno jingine na kurudi mikono mitupu, wakiwa na hakika kwamba jibu halipo.

Kwa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa maneno yetu ya kazi hutofautiana kutoka mkoa hadi mkoa na kutoka shambani hadi ofisini. Chukua ugonjwa mmoja wa kuku. Mfugaji mmoja huuita mdondo, mwingine kideri, daktari wa mifugo husema Newcastle, na mtu aliyenunua vifaranga vyake vya kwanza mwezi uliopita hana hata moja kati ya majina hayo. Anachojua ni kwamba kuku wake wamepinda shingo na wanaharisha kijani. Jibu linalotakiwa kumfikia lazima libebe majina yote matatu pamoja na shingo iliyopinda na kinyesi cha kijani, tena vitajwe mwanzoni kabisa. Tukisema tu kwamba kundi letu lina maelezo mazuri ya chanjo ya mdondo, tumemwambia jambo hilo mtu ambaye tayari anajua kwamba alihitaji chanjo ya mdondo.

Mlezi, tarehe na mlango

Kila waraka ulikuwa na mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye anwani ya barua pepe iliyoandikwa juu, aliyepokea masahihisho na kuonyesha tarehe ya mara ya mwisho aliyoubadilisha. Kazi hii haikuwa na malipo. Jonathan Kamens wa chuo cha MIT alisimamia kundi la news.answers, ambamo nyaraka za makundi yote zilipita baada ya kukaguliwa, na nakala zake ziliwekwa katika seva ya MIT. Seva hiyo ilitoa nyaraka kwa FTP, na pia ilizituma kwa barua pepe kwa yeyote aliyeandika kuziomba. Njia hii ya pili ina maana kubwa kwetu, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1990 taasisi nyingi za Afrika Mashariki zilizokuwa na mawasiliano ya kompyuta zilikuwa na barua pepe tu, iliyopitishwa kwa simu kati ya kompyuta za mtandao wa FidoNet. Mtu wa Kampala au Nairobi asiye na intaneti kamili aliweza kuandika barua moja na kupokea waraka uleule aliokuwa akiusoma mwanafunzi wa Boston. Hao walikuwa watu waliofikiria kwa dhati milango ambayo mgeni angeingilia.

Lakini seva hiyo hiyo iliitwa rtfm, kifupi cha karipio linalomwamuru mtu akasome mwongozo, na ndani yake mna neno la matusi. Sitaki kulipita jambo hili, ingawa najua wenyeji wa wakati ule waliliona kuwa mzaha wa kawaida. Ukarimu wa kumtumia mtu usiyemjua waraka ulioandikwa kwa miezi mingi na ukali wa kumwambia kwamba asingepaswa kuuliza viliishi katika nyumba moja, na mgeni hakuweza kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kingemfungulia mlango. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika makundi ya maarifa msemo huo ni wa kweli kabisa, kwa sababu swali la mgeni ndilo linalomwonyesha mlezi mahali waraka wake ulipopungua. Mgeni anayeogopa kuuliza huondoka na kasoro hiyo bila kuionyesha.

Mwezi Septemba

Kila mwaka mwezi Septemba vyuo vya Marekani vilipokea wanafunzi wapya, wengi wao wakapewa akaunti za kompyuta, na makundi ya Usenet yakajaa maswali ya mwanzo. Wenyeji waliizoea hali hiyo kama mkulima anavyozoea masika. Baada ya majuma kadhaa wageni walikuwa wamesoma nyaraka, wamekaripiwa au wameelekezwa, na kundi likatulia. Programu nyingi za kusomea jumbe zilimwandikisha mtumiaji mpya moja kwa moja katika kundi la news.announce.newusers, ambalo kwa miaka mingi lilitunzwa na Gene Spafford na kubeba nyaraka za utangulizi, ukiwamo mwongozo wa Chuq Von Rospach kuhusu namna ya kuishi vizuri na jumuiya ya Usenet. Zaidi ya hapo, mwanafunzi alikuwa na msimamizi wa kompyuta au mwenzake wa mwaka wa pili chumba cha pili.

Kati ya mwisho wa mwaka 1993 na mwanzo wa 1994 kampuni za biashara, na hasa America Online, zilianza kuwafungulia wateja wao njia ya kuingia Usenet. Mwezi Januari 1994 Dave Fischer aliandika kwamba Septemba ya mwaka 1993 itakumbukwa kuwa Septemba ambayo haikuisha, na jina hilo limebaki hadi leo.

Wenyeji wengi waliueleza mkasa huu kuwa ni wa tabia: kwamba wateja wa America Online hawakuwa na adabu wala hamu ya kujifunza. Siafiki. Wageni wa mwaka 1985 walipuuza hifadhi ya SPACE vilevile, na hao walikuwa watafiti na wanafunzi wa vyuo vikuu. Kilichobadilika ni mambo mawili. Kwanza, mteja mpya aliingia kupitia huduma ya kampuni akiwa nyumbani kwake, bila msimamizi wala mwenzake wa mwaka wa pili. Pili, na hili naliona kuwa kubwa zaidi, mapumziko yalitoweka. Njia ya zamani ilitegemea miezi ya utulivu ambayo wageni wa jana waligeuka wenyeji na kuanza kuwajibu wengine. Wageni walipokuja kila siku, mwaka mzima, kwa idadi iliyowazidi wenyeji, hapakuwa tena na muda wa mtu kugeuka mwenyeji kabla hajafunikwa na wimbi lililofuata. Nyaraka zilibaki nzuri kama zilivyokuwa. Kilichokatika ni mnyororo wa watu waliozipokea na kuzipokeza.

Kila kitu kikapatikana

Mwaka 1995 ilianzishwa huduma ya Deja News, iliyohifadhi jumbe za Usenet na kumwezesha mtu kutafuta ndani yake kwa neno. Mwezi Februari 2001 Google ilinunua hifadhi hiyo, na mwishoni mwa mwaka huo ikatangaza hazina ya miaka 20, kutokana kwa sehemu na kanda 141 za sumaku ambazo Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto alikuwa amezitunza tangu mwaka 1981. Yale yaliyodhaniwa kuwa yamefutwa milele yakasomeka tena. Ninaishukuru kazi hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa bila Spencer sehemu kubwa ya historia hii isingekuwapo.

Kwa mgeni mwenye shida mkononi, hata hivyo, hali haikuwa nyepesi kama inavyodhaniwa. Kutafuta kwa neno kulimrudisha kwenye tatizo la Furnas. Akilipata neno, alipewa mazungumzo mengi kwa mpigo, jibu sahihi likiwa kando ya jibu potofu, jibu la mwaka 1988 likiwa kando ya jibu la 1998 lililolibatilisha, bila mtu wa kumwambia lipi lilisimama. Wakati huohuo walezi waliacha mmoja mmoja, wengi wakiamini kwamba mashine ya kutafuta imewapokea mzigo, na nyaraka nyingi zilizohamishiwa kwenye tovuti bado zinaonyesha tarehe za mabadiliko za miaka ya 1990. Tarehe 22 Februari 2024 Google iliacha kupokea jumbe mpya za Usenet.

Katika makundi yetu ya WhatsApp hali inafanana na Usenet ya mwanzo kuliko tunavyofikiri. Kwa miaka mingi mtu aliyeongezwa leo hakuona chochote kilichoandikwa jana. Alikuwa mahali pa yule aliyejiunga mwezi Machi. Viongozi wa makundi hujibu kwa kuweka faili refu mahali fulani na kumwambia kila anayeuliza akalisome, jambo ambalo lilijaribiwa katika orodha ya SPACE na likashindwa. Ningewashauri waanze na maswali kumi tu yaliyoulizwa na wageni katika mwezi uliopita, wayaache kwa maneno yale yale waliyoyatumia wageni hao, shingo iliyopinda ikiwamo, waweke chini yake majibu mafupi yenye majina yote ya kitu kinachozungumzwa, watie jina la mlezi na tarehe, na wayatume tena kila Jumamosi, hata wenyeji wakinung'unika.

Kuhusu nani aandike, Usenet ilikuwa na desturi moja ambayo imesahauliwa zaidi kuliko FAQ. Mtu aliyeuliza swali aliombwa apokee majibu kwa barua pepe yake binafsi, ayapime, kisha aandike muhtasari wake na kuuleta kwa kundi zima. Na mwongozo wa Von Rospach ulisisitiza kwamba muhtasari ni kuchambua na kupunguza, wala si kubandika barua zote kama zilivyokuja. Kazi ilipewa mgeni mwenyewe, siku ya tatu akiwa na jembe mkononi, na nadhani yeye ndiye aliyeifaa zaidi, kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyekuwa na jibu huku bado akikumbuka maneno aliyoyatumia kabla hajalipata. Orodha ya Sun Managers, ya wasimamizi wa kompyuta za kampuni ya Sun Microsystems, iliifanya desturi hii kuwa kanuni: majibu yalikwenda kwa mwulizaji peke yake, naye alidaiwa muhtasari, ambao kichwa chake kilianza kwa neno SUMMARY kwa herufi kubwa. Msimamizi aliyekwama usiku wa manane, seva yake ikiwa imezimika, aliweza kupitisha jicho kwenye hifadhi ya orodha hiyo na kuona mara moja, kwa neno hilo tu, ni mazungumzo yapi yaliyokuwa yamefika mwisho na jibu lake kupatikana.